Bagamoyo kwa Macho ya Mtu wa Bara

Jina la Bagamoyo lina tafsiri mbili, na hazipatani. Ya kwanza utaisikia kwa karibu kila anayekutembeza mjini: bwaga moyo, yaani uache moyo wako hapa, maneno ya mtumwa aliyefika pwani, akaiona bahari, akajua kwamba kwao harudi tena. Ya pili inasema maneno ni hayo hayo ila msemaji ni mwingine. Ni mpagazi. Ametoka Unyanyembe na pembe ya ndovu begani, ametembea miezi kama mitatu, na sasa anaiona minazi. Bwaga moyo: tua, pumua, safari imekwisha.

Tofauti hii si ya wataalamu wa lugha peke yao. Ukiikubali ya kwanza, mji unakuwa mahali pa kilio, na anayefuata katika hadithi lazima awe mkombozi. Ukiikubali ya pili, mji unakuwa mahali pa kazi: ujira, nyimbo za barabarani, watu wa bara walioijua njia na kuijua thamani yao. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, anaonyesha kwamba wengi wao, Wanyamwezi wakiwa mbele, walikuwa watu huru waliofanya kazi ya malipo na waliogoma masharti yakiharibika. Watumwa nao walipitishwa Bagamoyo, hilo halina ubishi, ingawa bandari kuu ya kuwasafirisha ilikuwa Kilwa. Kwa hiyo huenda tafsiri zote mbili ziliwahi kusemwa ufukweni pale, siku moja, na watu wawili waliofika kwa njia moja. Kinachonishughulisha ni kwamba kibao kina nafasi ya tafsiri moja, na kuna mtu huamua ipi iandikwe.

Sikwenda Bagamoyo kutafuta jambo hili. Nilitumwa.

Kwetu ni Robanda, wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Ukitoka hifadhini kwa lango la Ikoma, kijiji cha kwanza kukutana nacho ndicho hicho. Wageni wengi hukutana nacho kwa sekunde chache, kupitia dirisha la gari, wakati dereva anawahi kambi kabla ya giza. Nyumbu wanapopita, zaidi ya milioni moja wa hifadhi nzima, wengine hufika hadi mashambani. Hatuna bahari, ila tunaijua vizuri biashara ya mji wa ufukweni: kuishi pembeni ya kitu ambacho dunia nzima inalipa kuja kukitazama, huku wewe mwenyewe ukiwa sehemu ya mandhari.

Sasa, vijana wa ukoo wetu na wenzao walikuwa na wazo. Wajenge nyumba mbili tatu za kizamani, ngoma iwepo, asali iwepo, mishale ya kuwindia iwepo, wageni wa kambini waletwe jioni, walipe. Hakuna aliyepinga. Ubishi ulianza pale mmoja aliposema kwamba bila kitu kikubwa cha kuonyesha, wageni watakwenda kwa wengine wenye mavazi mekundu. Na kitu kikubwa tulicho nacho Waikoma ni Machaba.

Machaba ni pembe za ndovu. Simulizi zetu zinasema asili yake ni kwa mtabiri wa Kitatoga ambaye wazee wetu walimwendea wakiwa na shida. Zinatunzwa na wenye haki ya kuzitunza, na huonwa na wanaopaswa kuziona, kwa wakati wake. Zaidi ya hapo si langu kuandika.

Baba mdogo akanipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za watoto, akasema, "Wewe unakaa huko pwani. Bagamoyo wameanza siku nyingi kuonyesha mambo ya wazee wao. Nenda ukatazame wanafanyaje, halafu uniambie ukweli, siyo mambo ya gazetini."

Kutoka Dar es Salaam ni kilomita kama 70. Nikaenda Jumamosi.

Nianze na uzuri, maana upo, na mtu asiyeuona ana lake jambo. Mji mkongwe una mtaa mwembamba wenye milango ya mbao iliyochongwa na kuta za mawe ya matumbawe zinazomomonyoka taratibu kama sukari guru. Karibu na nyumba ya forodha ya zamani, soko la samaki linanuka mafuta ya moto, na pweza anakatwakatwa mbele yako. Chini, ngalawa zimelala ubavu juu ya mchanga kwa sababu maji yamekupwa. Hilo lilinishangaza mimi mtu wa nyanda: bahari kuondoka kabisa, kwenda mbali mpaka unaona watu wanatembea pale ambapo asubuhi palikuwa na mawimbi. Wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, walikuwa wanapiga ngoma mahali fulani nyuma ya miti. Upande wa kaskazini ufukweni kuna hoteli, na watu wa Dar waliokuja kupumzika walikuwa wamejaa. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akiulizia historia. Walikuja kwa upepo na samaki, na sioni ubaya.

Kijana aliyenitembeza alikuwa mchangamfu na alijua kazi yake. Tulianza na Ngome Kongwe, jengo la mawe la mwaka 1860 ambalo limepita mikononi mwa Mwarabu tajiri, Sultani, Wajerumani, magereza na polisi. Tukaenda misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakajenga kijiji kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kuna mbuyu ambao shina lake limemeza mnyororo. Wageni wengi wakiona mnyororo hufikiri utumwa papo hapo. Kijana akacheka na kueleza vizuri kabisa: mnyororo ulikuwa wa punda wa bibi mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, mwishoni mwa karne ya 19. Alimfunga punda wake mtini, mti ukaendelea kukua. Nilimpenda kwa hilo. Angeweza kunidanganya na nisingejua.

Kisha tukafika kwenye mnara. Ni wa kanisa la zamani la mwaka 1872, na unaitwa Mnara wa Livingstone. Mwili wa David Livingstone ulilazwa hapa usiku mmoja, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa London, ambako ulizikwa Westminster Abbey mwezi Aprili. Mnara unabeba jina la mtu ambaye alikaa hapo usiku mmoja, akiwa amekwisha kufa.

Waliomleta walitembea miezi tisa. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na magome, wakaanza kutembea zaidi ya kilomita 1,500. Njiani walikutana na watu wasiotaka maiti ipite katika nchi yao, kwa hiyo wakaufunga upya ufanane na mzigo wa kawaida wa safari. Yaani yule aliyeitwa mvumbuzi wa njia alifika pwani akiwa mzigo wa wapagazi. Mmoja wa msafara huo, Jacob Wainwright, alikwenda na jeneza hadi Uingereza. Susi na Chuma walipofika huko, mazishi yalikuwa yamekwisha.

Nikasimama pale nikafikiria kwetu. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoa filamu kuhusu Serengeti, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Michael alikufa kwa ajali ya ndege kabla kazi haijaisha, akazikwa kwenye kingo za Ngorongoro, na kaburi lake lina mnara ambao kila gari la watalii hulipita. Simlaumu marehemu. Lakini filamu ile ilisaidia kuifundisha dunia kwamba Serengeti ni nchi ya wanyama, tupu, iliyokuwa inasubiri kulindwa. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951. Kabla ya hapo, upande wetu wa magharibi walikuwepo watu: waliwinda, walilima mtama, walichoma nyasi kwa utaratibu, walizika. Hata jina lenyewe la Serengeti linaelezwa kwa Kimaasai. Majina ambayo babu zangu waliita vilima na mito ya huko yamebaki vinywani mwa wazee wanaohesabika.

Kwa hiyo kule kwetu na huku pwani, desturi ni ile ile: aliyepita anajengewa mnara, na aliyembeba, au aliyekuwepo kabla yake, anabaki "wenyeji".

Tulipofika Boma la Wajerumani, lililokamilika mwaka 1897, nilijikuta nipo nyumbani. Nasi tunalo. Mwanzoni mwa karne iliyopita Wajerumani walijenga ngome juu ya kilima, Fort Ikoma, na baadaye sana magofu yake yakageuzwa kuwa hoteli ya watalii. Mtalii alilala kwenye kuta zilizojengwa kuwatisha wazee wetu, akaamka akanywa chai akitazama nyumbu. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Kabla ya hapo watu wa pwani, Abushiri bin Salim akiwa mbele, waliwapiga vita tangu 1888, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Bagamoyo kuna kumbukumbu ya walionyongwa, karibu na bahari, na hatua chache tu kutoka hapo kuna makaburi ya askari wa Kijerumani, yamepangwa vizuri, kila mmoja na jina lake. Walionyongwa wamewekewa jiwe moja la pamoja.

Karavan Serai ndiko nilikotaka kufika. Hapa misafara ilijipanga kwenda bara na hapa ilitua iliporudi. Leo ni uwanja wenye vyumba na maonyesho madogo. Kijana akanieleza kuhusu pembe. Zilipimwa kwa frasila, kila frasila kama kilo 16, na mpagazi mwenye nguvu alibeba mbili. Pembe iliyofika hapa ilikuwa imekwisha kuwa bidhaa. Ikavuka Zanzibar, ikaenda Bombay, London, Marekani, ikakatwa kuwa bangili, vibonye vya piano, mipira ya biliadi. Hakuna aliyeuliza ilitoka kwa nani.

Pale ndipo jibu la baba mdogo lilipoanza kunijia. Nilikuwa nimefikiri swali ni la heshima tu: je, ni aibu kuonyesha Machaba? Kumbe kuna jambo la chini zaidi. Karne ya 19 yote, ndovu wa nchi hii waliuawa na pembe zao zikateremshwa pwani, na kila pembe iliyotua hapa ilipewa bei. Katikati ya biashara hiyo, watu wachache wa bara walikuwa na pembe walizozikatalia bei. Walizifanya kitu cha kuapia na cha kuombea. Maana ya Machaba, kwangu mimi, ni kwamba ni pembe zisizouzwa. Ukiziweka mezani mbele ya wageni wanane wenye kamera, kwa kiingilio cha dola kadhaa kila mmoja, zitabaki vile vile kwa uzito na rangi. Lakini utakuwa umezifikisha Bagamoyo.

Najua mtu atasema: maneno matamu, lakini vijana wanakula nini? Ni swali la haki. Ndovu wa leo anaingia shambani usiku akamaliza mahindi ya mwaka mzima, na ukimgusa una kesi. Kijiji kipo ndani ya jumuiya ya hifadhi ya Ikona pamoja na vijiji vingine vinne, fedha za utalii zinakuja, na kila mkutano una mjadala wa zimeishia wapi. Kijana anayesema "tuonyeshe tulichonacho" si msaliti wa mila. Amechoka kuona utajiri unapita barabarani na kuacha vumbi. Sikutaka kumrudishia jibu la mtu anayelipwa mshahara mjini.

Jibu nililipata Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji. Kaole ni magofu ya mji wa kale, wenye msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, msikiti mwingine wa baadaye, na makaburi ya mawe yenye nguzo ndefu. Tiketi unakata getini, mwongozaji anakupitisha, unaonyeshwa mahali palipokuwa na bakuli za Kichina kwenye nguzo, unaonyeshwa kisima. Kila kitu cha utalii kipo. Lakini kuna kaburi moja la sharifa ambalo watu bado wanalijia kuomba. Siku ile nilimkuta mama mmoja ameketi pembeni yake, kanga imefunika kichwa, hana habari na sisi. Mwongozaji akashusha sauti, akatupitisha mbali kidogo, akaendelea na maelezo tulipofika kaburi jingine. Hakusema kitu kuhusu yule mama. Hakumfanya mfano.

Nilifikiri sana kuhusu hatua zile chache alizotuzungusha. Hivyo ndivyo mtu anavyoonyesha urithi ambao bado una wenyewe. Geti liko wazi, tiketi inauzwa, historia inasimuliwa kwa sauti, na katikati ya yote hayo kuna kitu kimoja ambacho wewe mgeni unakizunguka. Utaambiwa kipo, lakini hukupewa. Na kusema kweli, katika yote niliyoyaona siku ile, ndilo ninalolikumbuka zaidi.

Jambo la pili nililirudisha Robanda ni jina la mtu ambaye hakutajwa katika matembezi yetu: Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alikuwa mtu wa Dunda, hapo hapo Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 Carl Velten akachapisha Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro: kuzaliwa, unyago, ndoa, ngoma, uganga, madeni, safari za bara. Alimwoa Mjerumani mwaka 1904. Walipojaribu kurudi pamoja nchini kwake, wakuu wa koloni hawakukubali ashuke na mkewe, wakarudi Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927. Bado, ukitaka kujua watu wa Bagamoyo ya wakati ule walioleanaje na walidaiana vipi, mnara hautakuambia. Kitabu chake kitakuambia. Wasomaji wa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, wanaujua msafara wa tajiri kwenda bara kwa macho ya kijana Yusuf. Mtoro aliandika dunia hiyo hiyo akiwa ametoka ndani yake, bila kumwomba msomaji amhurumie.

Nilimpigia baba mdogo usiku, nikiwa bado Bagamoyo, maji yamerudi na yanapiga ukuta wa hoteli. Nikamweleza yote, mpaka punda wa Madame Chevalier, akacheka. Nikamwambia ukweli aliouomba. Machaba wasiyaweke. Lakini wasiyafiche kwamba yapo: wamwambie mgeni kwamba Waikoma wana kitu hiki, kwamba hatakiona, na kwamba ndiyo heshima yake. Na badala ya kujenga nyumba za mfano peke yake, vijana wakae na wazee, waandike majina: kila kilima, kila mto, kila mahali palipokuwa na makazi ndani ya hifadhi, na ukoo uliokaa hapo. Hiyo nayo inauzika. Mgeni aliyetoka kutazama simba asubuhi, akiambiwa jioni kwamba pale alipomwonea simba palikuwa na mji wa watu fulani, na mjukuu wao ndiye anayemwambia, ataondoka na Serengeti tofauti na ile ya filamu.

Baba mdogo akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na hao wazee wenye majina, unajua wamebaki wangapi?"

Nikaanza kuwataja. Yeye akawa ananirekebisha: huyu alifariki mwaka jana, huyu haoni lakini kumbukumbu anazo, huyu yupo kwa binti yake Mugumu. Tulifika saba.

"Basi usiniletee hotuba," akasema. "Niletee daftari, na kile kinasa sauti chako cha kazini. Nyumbu wakishapita, tutaanza na yule asiyeona."